Ufa wa Boti ya Faiba na Trela Inayoibeba

Ufa kwenye boti ya faiba una chanzo, na kwa boti inayolala juu ya trela chanzo hicho mara nyingi kiko nchi kavu. Kiko chini ya tumbo la boti, mahali ambapo rola moja au ncha ya ubao imebeba mzigo uliopaswa kugawanywa kwa urefu wote wa chombo. Kwa sababu hiyo matengenezo kamili yana sehemu mbili. Ya kwanza ni kuirudishia bodi nguvu yake. Ya pili ni kurekebisha vihimili vya trela, yaani rola na mbao zinazoibeba boti, ili bodi iliyotengenezwa isivunjwe tena na kitu kilekile kilichoivunja mwanzo. Anayefanya ya kwanza akaiacha ya pili huukuta ufa umerudi palepale.

Faiba ni nyuzi nyembamba sana za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini. Nyuzi ndizo zinazobeba nguvu ya kuvutwa na kupindwa. Rezini huzishika nyuzi mahali pake, huhamisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine, na huzuia maji yasipenye. Juu ya tabaka hizo kuna ngozi ya nje yenye rangi, iitwayo jelikoti, ambayo kwa kawaida unene wake ni karibu nusu milimita tu. Jelikoti huipa boti mng'ao na kuikinga na jua na maji, lakini haina nyuzi ndani yake, kwa hiyo haibebi mzigo.

Ujenzi wa namna hii hauna hata karne moja. Ray Greene, mjenzi wa boti wa Toledo katika jimbo la Ohio, Marekani, alitengeneza boti ndogo ya faiba kwa rezini ya poliesta mwaka 1942, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ufundi huo ukaenea kila upande. Leo boti za faiba zimejaa pwani yote ya Afrika Mashariki: za wavuvi, za kupeleka wageni visiwani, za doria kwenye hifadhi za bahari. Bara nako zipo, hasa Ziwa Victoria, ambako serikali ya Tanzania imewakopesha wavuvi boti za aina hiyo. Nyingi ni za mita 5 hadi 8, zenye injini ya kupachika nyuma, na kwenye fukwe na hori zenye njia ya kushushia vyombo hupandishwa na kushushwa kwa trela.

Fundi aliyelelewa kwenye vyombo vya mbao huijia faiba na mazoea ambayo hapa hayafai. Mashua au jahazi lina viungo. Maji yakipenya kati ya mbao mbili, fundi hutia kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta husukumwa ndani ya mwanya kwa patasi na nyundo, na mbao zikishalowa huvimba na kuubana mwanya. Boti ya faiba haina kiungo cha kubana, wala haivimbi. Bodi yote ni ganda moja, na mzigo unaopita kwenye ganda hilo hupita ndani ya nyuzi. Ufa uliozama kupita jelikoti maana yake ni nyuzi zilizokatika. Kuujaza ufa huo kwa puti huzuia maji kwa siku chache, lakini hakuunganishi hata uzi mmoja. Puti ya magari ni mbaya zaidi, kwa kuwa hunyonya maji na kulegea ikikaa chini ya mstari wa maji. Silikoni nayo huacha utelezi unaoizuia rezini kushika baadaye, hivyo anayeipaka leo humwachia fundi wa kesho kazi ya kusaga zaidi.

Nyufa hazifanani, na sura ya ufa husimulia kilichotokea. Nyufa zinazotoka kwenye nukta moja na kutawanyika kama nyota ni alama ya pigo: boti imegonga mwamba, gati au kichwa cha bolti. Nyufa nyembamba zinazokwenda sambamba ni alama ya kupindwa mara kwa mara. Bodi imekuwa ikijikunja juu ya kitu kigumu kisichokubali kupinda, kama ukingo wa taruma, kona ya sanduku la ndani au rola ya trela. Nyufa ndogondogo zilizotapakaa juu ya sitaha bila mpangilio mara nyingi ni za jelikoti iliyopakwa nene kupita kiasi, na hizo si za kuogopesha. Ufa unaofanya trela itiliwe shaka kabla ya kitu kingine ni ule unaofuata mkuku, ule uliolalia mahali pa rola, na ule unaoanzia kwenye kona ya ukuta wa nyuma na kukimbilia mbele.

Kupima ukubwa wa ufa hakuhitaji mitambo. Eneo huoshwa na kukaushwa, kisha hupanguswa kwa kitambaa chenye asetoni. Asetoni hukauka upesi juu ya jelikoti nzima, lakini ndani ya ufa hukawia, na mstari mweusi hujichora mahali ambapo jicho halikuona kitu. Mstari huo hufuatwa kwa penseli mpaka mwisho wake. Baada ya hapo bodi hugongwagongwa kwa sarafu au kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbali na kusogea kuelekea kwenye ufa. Faiba nzima hutoa mlio mkali na mfupi. Pale tabaka zilipoachana mlio hugeuka mzito, umefifia, kama unatoka chini ya nguo. Mpaka wa mlio huo nao huchorwa. Mchoro wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza mara nyingi, na huo wa pili ndio ukubwa halisi wa kazi.

Ukaguzi wa ndani unafuata. Mihimili inayokwenda kwa urefu wa boti chini ya sakafu, na ukuta wa nyuma unaobeba injini, katika boti nyingi ni mbao zilizofunikwa kwa faiba. Maji yakishaingia humo kupitia ufa au tundu la skrubu, mbao huoza zikiwa zimefichika. Muhimili uliooza haubebi kitu, na mzigo wake wote huangukia ganda la nje. Hapo kuunganisha ufa peke yake ni kupoteza rezini. Muhimili hutengenezwa kwanza. Katika boti yenye povu la kuelea kati ya sakafu na tumbo, maji yaliyokusanyika chini ya povu hutolewa kwa kutoboa tundu mahali pa chini kabisa na kuiacha boti ichuruzike omo likiwa juu.

Faiba iliyolowa haishikani na rezini, na chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewani hata baada ya maji kukauka. Kwa hiyo bodi huoshwa kwa maji baridi ya bomba mara kadhaa, kisha huachwa kivulini mahali penye upepo kwa siku au hata wiki. Kuna kipimo chepesi cha ukavu: karatasi ya plastiki hubandikwa kwa utepe juu ya eneo, kingo zote zikazibwa, na kuachwa usiku kucha. Matone yakionekana chini ya plastiki asubuhi, bado. Kwa pwani ya Afrika Mashariki miezi mikavu ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo ya kufanyia kazi hii kwa utulivu. Wakati wa masika inawezekana pia, lakini chini ya paa, na kwa subira zaidi.

Rezini zinazotumika ni za aina tatu. Poliesta ni ya bei nafuu, hupatikana kwa urahisi, na boti nyingi zimejengwa kwayo. Vinilesta hushika vizuri zaidi na huzuia maji kwa ubora zaidi. Epoksi ndiyo inayoshikana na faiba ya zamani kwa nguvu kuliko zote, lakini bei yake ni kubwa na ina masharti mawili. La kwanza linahusu mati, yaani kitambaa cha nyuzi fupi zilizotawanywa. Mati za kawaida hushikiliwa na gundi iliyokusudiwa kuyeyuka kwenye poliesta au vinilesta, na epoksi haiiyeyushi, hivyo epoksi hutumiwa na kitambaa cha nyuzi zilizofumwa au kushonwa. La pili ni kwamba jelikoti ya poliesta haikauki kwa uhakika juu ya epoksi, kwa hiyo kazi ya epoksi humaliziwa kwa rangi ya boti. Kwa ufa wa kawaida uliosagwa vizuri, poliesta au vinilesta inatosha. Kwa sehemu ndogo inayobeba mzigo mkubwa, kama jirani ya ukuta wa nyuma, epoksi inastahili gharama yake.

Usalama huja kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo anayesaga huvaa barakoa ya vumbi inayoziba vizuri, miwani iliyofungwa pande zote, na nguo ya mikono mirefu. Poliesta ina stairini, kimiminika ambacho mvuke wake huanza kuweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 31 hivi za Selsiasi. Mchana wa kawaida wa Mombasa au Dar es Salaam hufika hapo, na ndiyo sababu sigara, jiko na cheche za kuchomelea hazina nafasi karibu na kazi hii. Hadina ya poliesta, yaani kimiminika kinachoigandisha rezini, ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Jicho huoshwa palepale kwa maji mengi yanayotiririka na mtu hupelekwa hospitali. Mahali ambapo kobalti ya kuharakisha rezini huuzwa peke yake, haichanganywi kamwe moja kwa moja na hadina, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka. Kobalti huingia kwenye rezini kwanza na kukorogwa vizuri, ndipo hadina ifuate.

Kusaga ndiko kunakoamua kama kazi itadumu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini faiba inataka jambo moja kabla ya kuziba: ufa ufunguliwe kwanza. Nyuzi mpya haziwezi kuungana na ncha za nyuzi zilizokatika. Zinaweza tu kulala juu ya nyuzi nzima zilizo pembeni na kushikana nazo kwa eneo pana. Kipimo kinachokubalika kwa mafundi ni mteremko wa 12 kwa 1. Bodi yenye unene wa milimita 6 husagwa kwa mteremko wa milimita 72 kila upande wa ufa, kwa hiyo ufa unaoonekana kama unywele huishia kuwa bonde lenye upana wa karibu sentimita 15. Mwenye boti hushtuka akiliona. Bonde hilo ndilo dhamana yake.

Kazi hufanywa kwa grainda yenye msasa wa namba 36 hadi 60, na kila kilicholegea, kilichogeuka cheupe au kilichoachana huondolewa mpaka ifikiwe faiba nzima. Msasa mbovu unaoteleza huchoma rezini na kuacha uso laini. Uso unaotakiwa ni mkavu, wenye mikwaruzo, usio na mng'ao. Ncha mbili za ufa hutobolewa kitundu kidogo ili ufa usiendelee kukimbia wakati wa kusaga.

Ikiwa ndani kunafikika, kusaga kwa upande wa ndani ni bora, kwa kuwa umbo la nje la tumbo hubaki lilivyo na jelikoti haiguswi zaidi ya mstari wa ufa. Ufa ukiwa umetoboka, kibao laini kilichopakwa nta hubanwa kwa nje ili kushika umbo wakati tabaka zinajengwa. Pasipofikika kwa ndani, kama kwenye boti yenye sakafu ya kudumu, kazi hufanywa kwa nje. Vumbi likishafagiliwa na kunyonywa, uso hupanguswa kwa asetoni na kitambaa safi na kuachwa ukauke kabisa.

Vipande vya faiba hukatwa vyote kabla ya kuchanganya rezini, kwa sababu rezini ikishatiwa hadina haisubiri mkasi. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita 1 kwa kila tabaka, hivyo bodi ya milimita 6 inataka tabaka 6 hivi, au chache zaidi zikichanganywa na kitambaa kizito cha kufumwa. Kipande cha kwanza ni kikubwa, kinafunika bonde lote; vinavyofuata huzidi kupungua ukubwa, na kila kimoja kinaishia ndani ya kile cha chini yake. Kwa mpangilio huo kipande kikubwa hushika moja kwa moja kwenye faiba ya zamani, na msasa wa kumalizia hauikati sehemu hiyo ya kushikana.

Kipimo cha hadina kwa poliesta ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Kwenye joto la pwani asilimia 1 ndiyo salama zaidi, kwa kuwa joto huharakisha kuganda. Kuongeza hadina ili kuwahi kumaliza hakufanyi faiba iwe imara. Huifanya ichemke, ijikunje na kupasuka. Kupunguza chini ya kipimo nako huiacha laini milele. Mchanganyiko hutengenezwa kidogo kidogo, kiasi cha dakika 10 za kazi, na kopo hukaa kivulini. Mati nayo ina kipimo chake: kilo moja ya mati kavu hunywa takriban kilo mbili na nusu za rezini. Kitambaa cha kufumwa hunywa karibu uzito sawa na wake.

Uso uliosagwa hupakwa rezini kwanza, ndipo kipande kikavu kiwekwe juu yake na kugongwagongwa kwa brashi. Mati kavu ni nyeupe. Rezini inapopanda, weupe huyeyuka na kitambaa kinaanza kuonyesha kilicho chini yake. Vidoa vyeupe vinavyobaki ni hewa iliyonaswa, na kila kidoa ni mahali ambapo tabaka hazikushikana. Rola ndogo ya chuma yenye mifereji huzungushwa kutoka katikati kwenda kingoni, bila kukandamiza sana, mpaka hewa itoke na uso wote uwe na rangi moja. Rezini inayoelea juu ya kitambaa hukombwa, maana rezini tupu isiyo na nyuzi ni kitu cha kukatika. Tabaka 3 au 4 zinatosha kwa mkupuo mmoja. Zikizidi, joto la kuganda hujikusanya ndani na kuunguza kazi. Mkupuo wa pili hufuata wa kwanza ukishapoa. Ikiwa siku imepita na uso umekauka kabisa, hupigwa msasa tena kabla ya kuendelea.

Baada ya kukauka, uso husawazishwa kwa msasa na mabonde madogo hujazwa puti iliyotengenezwa kwa rezini na unga wa silika. Jelikoti hupakwa mwisho. Jelikoti ya kawaida hubaki inanata ikiguswa na hewa, kwa hiyo ya matengenezo huwekwa nta ndani yake au hufunikwa kwa plastiki nyembamba mpaka ikauke. Kisha msasa wa maji hutumika kwa hatua, namba 240, 400, 600 hadi 1000, na mwisho dawa ya kung'arisha. Kwenye joto la pwani faiba huwa ngumu kwa siku moja, lakini hukomaa polepole zaidi. Wiki moja kabla ya kuirudisha boti kazini ni muda mzuri, na wiki hiyo ndiyo ya kushughulikia trela.

Trela ya boti hubeba kwa njia mbili. Rola zilizopangwa katikati hubeba mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Mbao mbili au nne za pembeni, zilizofunikwa kwa zulia, huzuia boti isilale upande au, katika trela zisizo na rola nyingi, hubeba sehemu kubwa ya uzito. Tofauti kati ya hizo mbili ni eneo. Rola hugusa boti kwa upana wa kiganja, ubao huigusa kwa mita mbili na zaidi. Uzito uleule ukipita kwenye eneo dogo hubonyeza zaidi, na barabara yenye matuta huuzidisha kila gurudumu linaporuka. Hivyo rola chache za pembeni zilizokazwa juu kupita kiasi zinaweza kupasua bodi ambayo mawimbi ya kusi hayakuiweza.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni mbao zinazoishia kabla ya ukuta wa nyuma. Injini ya mipigo minne yenye nguvu ya farasi 60 ina uzito wa kilo 100 na zaidi, nayo inaning'inia nyuma kabisa. Mbao zikiishia sentimita 30 mbele ya ukuta huo, tumbo hupinda kwenye ncha za mbao kila safari. Baada ya miezi kadhaa hutokea bonde, kisha ufa. Bonde hilo hugunduliwa kwa kuweka rula ndefu iliyonyooka chini ya tumbo, kuanzia nyuma kwenda mbele. Mwanga ukipita katikati ya rula na bodi, umbo limeharibika, na boti ya namna hiyo huinamisha omo ikikimbia majini.

Marekebisho huanzia kwenye ardhi iliyosawazika. Magurudumu hufungiwa kabari mbele na nyuma, tangi la mafuta na maji ya ngamani hutolewa, vifaa hushushwa. Kisha trela husomwa kabla ya spana kuguswa. Kipande cha karatasi hupitishwa kati ya bodi na kila rola, na kati ya bodi na kila sehemu ya mbao. Karatasi inapopita bila kuzuiwa, hapo hapabebi kitu. Inapokataa hata kuingia, hapo pamebeba zaidi ya haki yake. Ramani hiyo ikilinganishwa na ufa uliokuwa kwenye bodi, mara nyingi majibu hupatikana papo hapo.

Boti huinuliwa kwa jeki kwenye sehemu imara tu, yaani chini ya mkuku na chini ya ukuta wa nyuma, na juu ya jeki huwekwa ubao mpana wa kusambaza mzigo. Kila inapopanda sentimita chache, magogo na kabari huwekwa kuishikilia. Hakuna mtu anayeingiza mkono wala kichwa chini ya boti inayoshikiliwa na jeki peke yake.

Mambo manne hurekebishwa kwa mpangilio. La kwanza ni mstari wa katikati. Uzi huvutwa kutoka katikati ya kichwa cha kufungia gari hadi katikati ya nyuma ya trela, na rola zote za mkuku hupangwa juu ya uzi huo, kwa kimo ambacho mkuku unazigusa zote. Rola iliyopasuka au isiyozunguka hubadilishwa, kwa kuwa rola iliyoganda hukwangua badala ya kubeba.

La pili ni mbao. Zinatakiwa zifike chini ya ukuta wa nyuma au zipite sentimita chache, na zilale chini ya mihimili ya ndani ya boti, mahali ambapo bodi ina nguvu. Hazitakiwi kulalia mikanda ya faiba inayojitokeza kwenye tumbo. Nati za vishikizo hulegezwa, ubao huinuliwa mpaka uguse bodi kwa urefu wake wote, nati hukazwa kwa mkono, boti hushushwa taratibu, na kipimo cha karatasi hurudiwa. Kukaza kabisa kwa spana ndiko kwa mwisho. Vichwa vya bolti zinazofunga ubao huzamishwa ndani ya mbao chini ya zulia, visije vikachimba bodi zulia likichakaa.

La tatu ni nguzo ya winchi iliyo mbele. Omo linatakiwa likae dhidi ya mpira wa kizuizi huku boti ikiwa imelala sawa juu ya vihimili vyote. Pete ya omo hukaa chini ya mpira huo, ili mkanda wa winchi uvute boti mbele na kuizuia isiinuke. Nguzo hii pia ndiyo inayoamua uzito unaobebwa na gari. Kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote hutakiwa kulalia kichwa cha kufungia. Kwa boti na trela za kilo 1,000 ni kilo 50 hadi 100, kipimo kinachoweza kupatikana kwa mzani wa kawaida na kigogo cha mbao. Ukipungua, trela huyumba barabarani. Ukizidi, gari hukaa nyuma na usukani huwa mwepesi. Nguzo ikisogezwa, boti husogea nayo, na mbao za nyuma hukaguliwa upya kama bado zinafika ukutani.

La nne ni kufunga. Mikanda miwili kutoka pete za nyuma kwenda kwenye fremu ya trela huzuia boti isirukeruke, kwa maana boti inayoruka juu ya mbao hujipiga yenyewe. Omo hufungwa kwa mnyororo wa usalama mbali na mkanda wa winchi. Mkanda unaopitishwa juu ya kingo za boti haukazwi mpaka kingo ziiname. Huko nako ni kupinda bodi.

Kwa kuwa trela za pwani huingia baharini, chuma chake hakidumu bila kutunzwa. Baada ya kila kushusha chombo, trela huoshwa kwa maji baridi, na nati za vishikizo hupakwa grisi. Beringi za magurudumu zilizopata moto wa barabarani zikitumbukizwa majini hupoa ghafla na kuyavuta maji ya chumvi ndani, kwa hiyo trela husubiri zipoe ndipo irudishwe nyuma ndani ya maji. Ubao uliolainika kwa kuoza hubadilishwa mara moja, maana mzigo wake umeshahamia kwa mwenziwe.

Boti ikisharudi juu ya trela iliyorekebishwa, safari ya kwanza huwa fupi. Baada ya kilomita 10 au 20 nati zote hukaguliwa na kukazwa tena, kwa kuwa mbao na zulia hushuka kidogo zikishabeba uzito. Majini, sakafu ya ndani hufunguliwa na eneo lililotengenezwa hutazamwa boti ikiwa imesimama, kisha ikiwa mwendoni. Kingo za tengenezo huwekewa alama ndogo za penseli kwa ndani, na kwa miezi michache kila boti inapopandishwa alama hizo hutazamwa pamoja na kupitisha karatasi kwenye vihimili. Mstari mpya usipojitokeza, na karatasi ikizuiwa kwa ukazo uleule kutoka mbele hadi nyuma, bodi na trela zimeshapatana na kazi imekwisha.